Nguzo Saba za Kupumzika Ufukweni
Hotuba ya Bingwa wa Bahari mbele ya wanachama wa Sumbawanga waliotaka kutoka kwa siku moja

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bibi Mhazini, Bwana Katibu, wazee wangu mliokaa mbele kwa heshima, na vijana wangu mliokaa nyuma karibu na mlango kwa sababu mzijuazo wenyewe. Hadhirina nyote mliokusanyika alasiri hii katika ukumbi wa chama chetu cha kuweka na kukopa, kwa azma ya kusikia namna jamaa wa nyanda za juu wanavyopaswa kuipanga siku moja ya buraha katika kisiwa chenye mchanga mweupe na minazi: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana kwa wale ambao bado hawajaamua.

Bwana Mwenyekiti aliponijia nyumbani kunialika aliniomba niseme kwa dakika kumi, kwa kuwa, alivyodai, wanachama wanataka kujua mambo matatu tu, nayo ni waende wapi, watoke saa ngapi, na kila mmoja achange kiasi gani. Nilimtazama kwa huruma. Mtu aliyeishi umri wake wote penye kimo cha mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hudhani bahari ni jambo la dakika kumi. Nilimjibu kwamba Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno wameikata bahari ile karne kwa karne, wala hakuna hata mmoja wao aliyeimaliza kwa dakika kumi, sembuse mimi, niliyekusudia kuwaeleza na yale ambayo wao waliyasahau.

Mintarafu ya ustahiki wangu, mimi si mtu wa kujisifu, na ndiyo maana nilimwandikia Bwana Katibu sifa zangu katika kurasa nne ili anisifu yeye. Lakini kwa kuwa alisoma mistari miwili, akakohoa, akaketi, sina budi kuimaliza kazi yake. Mimi ndimi niliyeondoka mtaani kwetu Mazwi, nikapita Laela na Tunduma, nikaikabili barabara ya Mbeya na Iringa, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, mchana kutwa na usiku juu yake, miguu ikavimba hata viatu vikakataa kunitambua. Kisha nikapanda meli nikavuka kwenda Unguja, si kwa biashara, wala kwa harusi, wala kwa matanga, bali kwa ajili ya ilimu tupu. Idadi ya safari zangu za bahari, adabu yanizuia kuitaja. Nitasema tu kwamba katika safari ile nilijifunza mambo ambayo wengine hawayajui hata wakizikwa pwani.

Namwona kijana wetu wa Kipemba, mwenye duka la vitambaa pale sokoni, anatabasamu. Nimemwalika mimi mwenyewe, ili apate faida. Yeye amezaliwa kisiwani, na aliyezaliwa kisiwani hawezi kukijua kisiwa, kwa sababu hajapata kukiendea. Bahari aliikuta mlangoni akaizoea, wala hakuihangaikia hata siku moja. Mimi nimeihangaikia. Kati ya Dar es Salaam na mji wa Unguja pana mwendo wa saa mbili hivi za meli, na katika saa mbili hizo nilifanya uchunguzi ambao abiria wengine, waliokuwa wakitafuna korosho na kupiga picha, hawakuufanya: nilijilaza juu ya sakafu ya chombo, shavu juu ya bati, nikausikiliza mwendo wa maji kwa sikio la kulia, na mkononi nimeushika ule mfuko mdogo ambao wahudumu humpa kila abiria wanayemwona ana uso wa kutafakari. Nilitafakari sana. Mfuko ulipokuwa hautoshi niliongezewa mwingine, kwa haraka na heshima ambayo abiria wa kawaida hawakuipata.

Basi na tuingie katika maudhui. Mapumziko ya ufukweni, hadhirina, yana nguzo saba: ya kwanza Nia, ya pili Maandalizi, ya tatu Vazi, ya nne Kiti, ya tano Wakati, ya sita Chakula, na ya saba Kurejea. Atakayekosa moja kati ya hizo atakuwa amekwenda ufukweni kukaa tu, na kukaa tu, kwa kauli yangu, si mapumziko bali ni uvivu uliolipiwa nauli. Nguzo ya Nia sitaieleza leo, kwa kuwa inahitaji mihadhara mitatu ya peke yake, na gharama za mihadhara hiyo nimekwisha kumkabidhi Bibi Mhazini, ambaye amezipokea kwa kimya cha mtu aliyeguswa.

Maandalizi ndiyo roho ya starehe, na ili mjue nisemalo nitawapa mfano wa karibu na kwetu. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda huko Papenburg meli waliyoiita Goetzen. Walipokwisha kuiunda waliifungua tena kipande kwa kipande, wakavitia vipande katika makasha yapatayo 5,000, wakavileta kwa bahari hadi Dar es Salaam, wakavipeleka bara kwa reli hadi upande wa Kigoma, wakaviunganisha upya, na mwaka 1915 chombo kikaelea juu ya Ziwa Tanganyika. Yatazameni maandalizi hayo! Kasha juu ya kasha, ribiti juu ya ribiti! Yupo kati yenu aliyejiandaa hivyo hata kwa harusi ya mwanawe? Hivyo ndivyo ninavyotaka chama hiki kiiendee Unguja.

Bibi Mwalimu wa historia amesimama, nami nampa nafasi kwa kuwa natarajia pongezi. Anasema kwamba meli hiyo, baada ya makasha yote 5,000, haikumaliza miaka miwili kabla ya kuzamishwa, na kwamba walioizamisha mwaka 1916 ni Wajerumani wenyewe, ili isitwaliwe na adui. Kwamba ililala chini ya maji mpaka Waingereza walipoiibua mwaka 1924. Na kwamba mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikawa ikipita Kipili na Kasanga kuchukua watu wetu na magunia yao ya dagaa bila mtu yeyote kuihutubia. Ahsante, Bibi Mwalimu. Umeitia nguvu hoja yangu kwa namna ambayo mimi mwenyewe nisingethubutu. Wajerumani wale walipokusudia kuizamisha waliipaka kwanza mitambo yake grisi, isiliwe na kutu. Hata kuzama walikuandaa! Nataka chama hiki kikizama, kizame vivyo hivyo.

Tuje kwenye Vazi. Sisi watu wa Ufipa tumelelewa na baridi. Mwezi wa Juni na wa Julai, upepo ushukapo asubuhi kutoka milima ya Mbizi, mtu wa mji huu husema na mvuke ukamtoka kinywani, wala muungwana hatoki nje bila koti. Sikuona sababu ya kuivunja desturi ya wazee wangu kwa ajili ya jua la watu. Koti hili mnaloliona, la sufu nzito, lenye bitana, nililivaa tangu gatini hadi mchangani, na saa sita mchana, jua limesimama utosini, vifungo vyake vyote vilikuwa vimefungwa. Watu walinitazama. Watoto walinifuata kwa staha, kundi kubwa. Mzee mmoja mwenye kanzu aliniletea maji ya kunywa bila kuombwa, akaniuliza kama mimi ni mgonjwa; nikamjibu kwamba mimi ni mtaalamu, naye akasema, “Pole sana, mwanangu,” akanimiminia kikombe cha pili. Mtaona hapo jinsi watu wa pwani wanavyowaenzi wenye ilimu.

Msidhani pia kwamba koti lile halikuwa na fadhila. Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, ni mji wa watu wenye dini na haya, na mgeni huombwa asipite vichochoroni na nguo za kuogea, bali ajisitiri mabega na magoti, na nguo za kuogea aziache ufukweni kwenye mahali pake. Katika jambo hilo mimi sikuwa na dosari. Nilijisitiri hata kidevu. Fauka ya hayo, koti limebaki kuwa ushahidi. Sogeeni mtazame kwa karibu: mstari huu mweupe, uliojikunja chini ya kwapa kama ufuo wa ghuba, ni chumvi halisi ya Bahari ya Hindi. Bibi Mhazini ananong'ona, na kwa sababu ananong'ona kwa sauti ya kusikika nitamjibu. Anasema chumvi ya bahari haifiki kwapani kwa mtu ambaye hakuingia majini. Bibi, suala la kuingia majini halimo katika nguzo saba.

Nguzo ya nne ni Kiti, na hapa nimekuja na kiti chenyewe, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba nawalisha maneno. Hiki ni kiti cha kukunja, cha mbao na turubai ya mistari, ambacho wastaarabu hukilalia ufukweni. Kukikunjua ni jambo la hikima, si la nguvu. Mguu huu wa mbele huvutwa hivi. Ubao huu wa nyuma husukumwa hivi. Kisha kijiti hiki huingia katika meno ya mbao yaliyo huku chini, jino la kwanza kwa mtu atakaye kusoma, la pili kwa atakaye kuongea, la tatu kwa atakaye kulala. Tazameni. Kijiti kinaingia. Kijiti kimeingia. Bwana Katibu, tafadhali bonyeza hapo. Hapana, hapo ndipo penye kidole changu. Inua. Nimesema inua, hukusikia? Usiniulize jino la ngapi, Bwana Katibu, inua tu!

Ahsante. Mmeona. Yule mtoto aliyekuja na mama yake, na ambaye amekiinua kiti kilipoanguka akakikunjua kwa mkono mmoja, akakikalia, apigiwe makofi, kwa kuwa amefuata maelekezo yangu barabara. Namwomba sasa ashuke. Basi, mwacheni.

Sasa ni Wakati, nguzo ambayo majuha wengi huipuuza. Nimewachagulia mwezi wa Aprili, na sababu yake ni siri niliyoivumbua mwenyewe: katika mwezi huo bei za nyumba za wageni za Unguja hushuka sana. Kijana wa Kipemba ameinua mkono. Anasema, “Samahani, Maalim, Aprili ndiyo masika yenyewe, bei hushuka baada ya mvua kushuka.” Nimelisikia hilo. Watu wa Ufipa hawaogopi mvua, tuna mahindi. Na ndani ya mwezi huo nimeichagua siku ya mwezi mpevu, ili jioni tuvuke kurudi mjini kwa mbalamwezi, jambo ambalo nililiona katika picha ya kalenda likanipendeza.

Asubuhi ya siku hiyo tutapanda mashua hadi kisiwa cha Changuu, mwendo wa nusu saa hivi kutoka mjini, ambacho wengine hukiita Kisiwa cha Wafungwa. Lipo pale jengo la gereza lililojengwa mwaka 1893, na katika safari ile nilisimama mbele ya kuta zake, nikavua kofia, nikawalilia mahabusu waliooza humo. Bibi Mwalimu amesimama tena. Anasema gereza hilo lilijengwa kweli lakini halikupata kufunga wafungwa, bali liligeuzwa kuwa karantini ya wasafiri wa vyomboni, kwa kuogopa homa ya manjano. Vema. Basi yalikuwa machozi ya karantini. Yote ni maji ya macho, na homa ya manjano nayo si jambo la kuchekesha.

Wapo vilevile katika kisiwa hicho kobe wakubwa mno, ambao wa kwanza wao waliletwa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nilimchunguza mmoja wao kwa makini. Nilimkuta kivulini, akala majani, akafumba macho, akafumbua, akanyoosha shingo, akala tena, akalala, nami nilipoondoka nilimwacha palepale, jua halijampata hata kidogo. Nilimhuzunikia. Mnyama wa umri ule, katika kisiwa kama kile, na hana nguzo hata moja!

Alasiri tutavuka kwenda Nakupenda, fungu la mchanga mweupe lililo karibu na hapo, lisilo na mti wala nyumba, na tutakaa juu yake tangu saa nane hadi saa kumi na moja, wakati ambapo nitatoa mhadhara wa kwanza wa Nia, kwa kuwa nimeona hakuna mahali pa kutokea. Kijana, umeinua tena mkono? Sema, lakini kwa ufupi. Ufupi ni adabu. Anasema hivi: siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo ni siku za bamvua, maji hupwa mno na kujaa mno, hata tofauti yake pale Unguja hukaribia mita nne, kati ya kupwa na kujaa pana saa sita na dakika chache, na siku za bamvua maji hupwa yapata saa nne asubuhi, yakajaa yapata saa kumi alasiri. Na Nakupenda, anasema, ni fungu ambalo maji yakipwa huonekana, na yakijaa halipo. “Kwa hiyo, Maalim, saa kumi wazee hawa watakuwa wamesimama baharini.”

Kijana, hesabu za maji ni za wavuvi na manahodha, wala sikuja hapa kushindana na watu wa kazi za mikono. Mimi nilisema tutakaa. Sikusema tutakaa juu ya nini. Na sasa hadhirina mtafahamu kwa nini nilikitanguliza Kiti.

Anaendelea, naye hakuombwa kuendelea. Anasema atakaye kuogelea saa yoyote aende Nungwi, kaskazini ya kisiwa, ambako maji yakipwa hayaendi mbali. Lakini huko mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa mtu hutembea masafa marefu juu ya mchanga mtupu kabla ya kuyafikia, na huko ndiko akina mama hulima mwani. Anasema kwamba apangaye siku ya ufukweni hutazama kwanza mwezi, kisha ratiba ya maji, kisha kivuli, na mengine hufuata. Naona wengi wenu mnaandika. Nilipokuwa nikisema mimi kalamu zenu zilikuwa zimelala. Nadhani wino ulikuwa haujapata moto, kwa baridi hii.

Nguzo ya Chakula nitaipita mbio, kwa kuwa Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa yake, saa nzuri, sijui ameinunua wapi. Jioni mtakula Forodhani, kwenye bustani ya mbele ya bahari, pweza, mishkaki, urojo na maji ya miwa. Mimi katika safari ile sikula, kwa kuwa tumbo langu lilikuwa bado linatafakari.

Bibi Mhazini amesimama, na nina hakika ni kwa ajili ya kunishukuru. Anauliza: wanachama waliomba siku moja, kutoka alfajiri na kulala kwao, sasa kutoka Sumbawanga hadi huko Nakupenda, na kurudi, ni siku ngapi? Bibi, hilo ni la nguzo ya saba. Chama kiliomba siku moja ya mapumziko, nami nimewapa siku moja ya mapumziko; siku zinazoizunguka ni za safari, wala safari haihesabiwi kuwa siku, kama ambavyo ganda halihesabiwi kuwa karanga. Anasema amefanya hesabu ya fedha zilizomo katika sanduku. Anasoma. Msiinue shingo, anasoma kwa sauti: posho ya mtaalamu, nauli ya mtaalamu kwenda kuichunguza njia kabla ya wanachama, malazi ya mtaalamu huko aendako kuichunguza, mihadhara mitatu ya Nia, koti moja jepesi la mtaalamu, kwa kuwa lile zito limekwisha kutoa ushahidi. Anasema baada ya kutoa hayo yote, kilichobaki, kikigawanywa kwa wanachama wote waliochanga, kitamfikisha kila mmoja wao Laela.

Kwenda tu, anasema. Si kurudi.

Hadhirina, makelele hayo si ya watu wanaotaka kupumzika. Laela ina hewa nzuri. Bwana Mwenyekiti, tafadhali rudisha utulivu. Nani yule aliyesimama nyuma? Ni mzee mwenye kofia, ambaye nasikia alikuwa mvuvi wa Kirando miaka mingi, na ambaye muda wote huu nilimdhania amesinzia. Nampa nafasi kwa ajili ya mvi zake, lakini namtahadharisha kwamba hapa tunazungumza bahari, wala hatuzungumzi ziwa.

Amesema, “Mwanangu, twendeni Kipili.” Kisha ameketi.

Hayo ndiyo maneno yake yote! Hana dibaji, hana nguzo, hana hata salamu kwa mwenyekiti. Na bado watu wanamgeukia, wanamwuliza, naye anawajibu palepale alipo, chini chini, hata mimi mwenye kipaza sauti inanibidi ninyamaze ili nimsikie. Anasema mtu akitoka hapa alfajiri kwa njia ya Namanyere hufika Kipili kabla jua halijawa kali, na visiwa atavikuta viko mbele ya macho yake, na kimojawapo, Lupita, wageni wamewahi kutoka ng'ambo za dunia kukijia na kulala humo kwa fedha nyingi. Anasema visiwa vingine havina fedha nyingi. Anasema mchanga upo, miamba ipo, kivuli kipo, na maji ni matamu, hayapwi wala hayajai kwa saa, na yakikuingia kinywani unayameza. Na asiyetaka Kipili, anasema, aende Kasanga kwa barabara ya Matai, kilomita zisizotimia 120. Masharti yake ni machache: kabla ya kutia mguu majini ulizeni wenyeji wa hapo ni wapi pana mamba na wapi hapana, kwa maana wao ndio wajuao, asubuhi ni bora kuliko adhuhuri, kwa kuwa kusi likivuma wakati wa kiangazi ziwa huinuka, na msiende siku ya mwezi mpevu, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukishika mbingu taa haina kazi, na mtarudi mjini bila samaki.

Mwezi mpevu tena! Naona kwamba mwezi huu una maadui wengi leo.

Nilimwuliza mzee huyu kwa upole kama ziwa linaweza kuwa mahali pa mapumziko. Akanijibu kwamba mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika ziwa lile tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na kwamba ziwa lilipumzika miezi mitatu kamili bila mtu kulieleza namna ya kupumzika. Watu wamecheka kupita kiasi cha maneno hayo.

Basi nikatoa hoja yangu ya mwisho, ambayo niliiweka akiba kwa ajili ya wapinzani. Ziwa Tanganyika, hadhirina, liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mtu atasemaje kwamba ameshuka pwani, ilhali bado yuko juu? Heshima ya bahari ni uchini wake! Bibi Mwalimu, keti. Bibi Mwalimu, nakuomba kwa hisani uketi. Haketi. Anasema kina cha ziwa lile ni mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Kwamba ukitoa 773 katika 1,470 utaona sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Na kwamba mkondo wa Unguja, ule ambao mimi niliulalia kwa shavu, haufiki hata mita 100. Kwa hiyo, kwa kipimo changu mwenyewe, anasema, Kipili ni pwani kuliko pwani. Sina neno na mtu ambaye anatumia kutoa na kujumlisha katika mazungumzo ya mapumziko.

Bwana Mwenyekiti amepigisha kura bila kuniuliza kama nimemaliza. Wanaotaka Unguja kwa nguzo saba: naona mkono wangu. Wanaotaka Kipili: naona mikono yenu, na wa yule mtoto aliyekikalia kiti changu, ameinua miwili. Ninatangaza basi kwa furaha kubwa kwamba hotuba hii imefaulu kupita matarajio, kwa maana chama kilichoingia humu hakijui kiende wapi kinatoka kimeafikiana, jambo ambalo halijapata kutokea tangu kiundwe. Na mahali pa kwenda na saa ya kutoka, mambo mawili kati ya yale matatu aliyoyataka Bwana Mwenyekiti, yamepatikana katika muda wa hotuba yangu. Nani aliyeyatamka ni jambo dogo.

Bibi Mhazini ana swali moja la mwisho: je, mimi najua kuogelea? Nimemjibu kwamba bingwa wa bahari hana haja ya kuogelea, kama ambavyo kadhi hana haja ya kuiba. Akasema vema, kisha akatoa shauri, na shauri lake likapitishwa kwa sauti moja na kwa makofi marefu kuliko yote niliyoyapata alasiri hii, kwamba siku ya Kipili mimi niwe Mlinzi wa Viatu.

Wanangu, nimeupokea wadhifa huo. Nimeupokea bila posho, kwa kuwa Bibi Mhazini amekwisha kulifunga sanduku na ufunguo ameutia kifuani. Lakini isije ikadhaniwa kwamba ni kazi ndogo, au ya mtu ambaye hana ilimu. Viatu vya chama vitapangwa mchangani kwa safu, vya wazee mbele, vya vijana nyuma, kisigino kikielekea Congo na ncha ikielekea Namanyere. Kila jozi itaandikwa katika daftari. Na mwanachama yeyote atakayetoka majini akitaka kuvaa vyake itampasa kwanza asikilize maelezo mafupi juu ya asili ya kiatu, yenye milango tisa, akiwa amesimama palepale, juani, miguu mitupu.

Bwana Katibu, kiandike hicho kabla hawajatoka.